Rula Iliyotoka Migwani

Kianda, Kibera,
Nairobi.
2 Desemba 1979.

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mwanao, na kutoka kwa mke wangu Ndinda, ambaye saa hii ananitazama kwa jicho la pembeni aone kama kweli naandika au najifanya. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba macho yako hayajazidi kukusumbua. Je, goti la Mama limepoa? Tumesikia mvua imefika huko Migwani kwa wakati wake mwaka huu. Tafadhali mniambie kama pojo na mbaazi zimeota vizuri, au mawingu yamewadanganya kama mwaka jana. Sisi huku tu wazima. Matope ya Kibera yanafika kwenye vifundo vya miguu, lakini matope si ugonjwa.

Utashangaa kwamba barua hii ni ya Kiswahili, maana zote nilizokuandikia zamani zilikuwa za Kikamba. Hii pia niliianza kwa Kikamba, mara tatu, na mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nilipofika mahali penyewe mkono ulikataa. Mambo haya yalitokea kwa Kiswahili, na nimeona kwamba kwa Kiswahili naweza kuyatoa yote. Nzembi, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Nakuomba kitu kimoja: soma kila neno, polepole, wala usiruke mahali kwa kunionea huruma. Ukitaka kunigombeza, nigombeze baada ya sahihi.

Baba, nina jambo la aibu la kukueleza. Linahusu ile rula yako ya chuma, na linahusu jina lako. Muia, kijana wa huko kwetu, anakuja nyumbani Krismasi na analijua nusu yake, ile nusu ya kuchekesha. Nataka ulisikie lote kwangu kabla hujalisikia kwake.

Unaikumbuka rula hiyo kuliko mimi. Ni ile ya futi tatu uliyopewa na mwalimu wako wa useremala pale misheni ulipomaliza mafunzo, ukaitunza miaka yote ndani ya kitambaa chenye mafuta, ukanikabidhi asubuhi ile niliyoondoka kuja Nairobi. Kabla hujaniruhusu kushika msumeno ulinifundisha namna ya kuijaribu. Chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri, geuza rula upande wa pili, chora tena palepale. Mistari ikilala pamoja, rula imenyooka. Ikiachana katikati, rula imepinda, hata jicho likuambie vingine. Ulifanya hivyo kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi, na mimi nilikuwa nikikucheka kwa siri, kwa sababu kila Jumatatu ilikuwa imenyooka vilevile.

Sasa nikupeleke Kawangware. Unajua nafanya kazi kwa Mzee Shivachi, Mluhya wa upande wa Kakamega, mtu wa sauti kubwa na roho laini. Kila asubuhi natoka hapa Kianda, nakata Jamhuri, navuka barabara ya Ngong, napita Dagoretti Corner, na saa moja niko kwenye karakana yake. Pale kuna mashine ambayo wewe hujawahi kuifanyia kazi. Tunaiita mashine ya randa. Ina meza mbili za chuma zilizopangwa kwa mstari mmoja, na katikati yake kuna bomba nene linalozungushwa na umeme, limefungwa visu vitatu. Unasukuma mbao juu ya meza ya kwanza, visu vinakula upande wa chini, na meza ya pili inaipokea mbao ikiwa imenyooka. Kazi ambayo mimi na wewe tulikuwa tukiimaliza nusu siku kwa randa ya mkono, mashine hii inaimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini ina kisirani chake. Meza ya pili ikiwa chini ya visu, hata kwa unene wa karatasi, mbao inapofika mwisho inadondoka kidogo na visu vinaing'ata. Ikiwa juu ya visu, mbao inajigonga pale na kukataa kupita. Na meza hizo mbili zisipolala sawasawa, basi kila mbao inatoka na shimo au na kitambi, na ukiziweka mbili ubavu kwa ubavu unaona mwanga katikati. Mtu anayejua mambo haya yote pale ni Wepukhulu, Mbukusu mmoja mwembamba, mkimya, ambaye huongea na mashine kuliko anavyoongea na watu.

Mwezi wa saba Wepukhulu alikwenda Bungoma kumzika mjomba wake, akakaa wiki mbili. Siku hizohizo kanisa moja la hapa Kianda lilikuwa limeagiza mabenchi ishirini kwa ajili ya kufungua jengo lao jipya. Mzee Shivachi akauliza ni nani anayeweza kusimamia mashine. Nikasema mimi. Hakuna aliyenisukuma, Baba. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtu wa randa ya mkono, kana kwamba ni kitu cha kale, na nilitaka wanione.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili mbao zikaanza kung'atwa mwishoni, upana wa kiganja kila moja. Leo najua ugonjwa huo na dawa yake: ni kuinua ile meza ya pili kidogo tu, ilingane na visu. Hata siku ile nilikisia hivyo. Lakini skrubu ya kuinulia ilikuwa imekwama kwa kutu na vumbi la mbao. Wepukhulu angeitia mafuta akaiacha mpaka kesho. Mimi nilitaka mambo yawe yamekwisha kabla Mzee Shivachi hajarudi kutoka kula chakula cha mchana. Nikatafuta chuma kirefu, chembamba, cha kuchomeka chini ya meza niinue kwa nguvu. Mtaimbo ulikuwa mnene mno, haukuingia. Baba, nikaitoa rula yako kwenye kitambaa chake.

Niliichomeka pale chini, nikaikalia kwa uzito wangu wote. Ikalia. Sijui niseme vipi kwa maneno mengine, chuma kile kililia. Meza ikaruka juu na mimi nikafurahi. Kisha nikaitazama rula kwa jicho, nikajiambia iko sawa, nikaifuta, nikaanza kuitumia kuzipanga zile meza mbili. Penseli ilikuwa nyuma ya sikio langu. Sikuichukua, kwa sababu moyoni nilijua itaniambia nini.

Basi nikazipanga meza kwa rula iliyopinda, zikalala vizuri kabisa na rula, na mbao zikaanza kutoka na shimo katikati. Kila nilipounganisha mbili, mwanga ulipita. Nikazipaka gundi nyingi, nikazibana kwa vibano mpaka mwanga ukapotea, nikapiga msasa juu. Wepukhulu aliporudi nilikuwa nimeshamaliza mabenchi manane, na kwa macho yalikuwa mazuri.

Yeye alisukuma mbao moja tu kwenye mashine akasimama. Akauliza ni nani aliyegusa meza. Nikasema mimi sikugusa chochote, nilikuwa nikisukuma mbao tu. Hakubishana nami. Alianza kuitafuta hitilafu kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, na mimi nikiwa nimekaa juu ya sindano hiyo. Alivitoa visu vyote vitatu akavinoa. Akavirudisha, akazungusha bomba kwa mkono akiwa ameweka kijiti juu yake, kuhakikisha kila kisu kinakivuta kijiti hatua ileile. Akapima kwa gonia, kile kipimo cha pembe, ule ukuta wa chuma wa pembeni ambao mbao huegemea. Akaanza kuchagua mbao, akizipitisha kwa kufuata nyuzi za mti. Akakaza hata boliti za miguu ya mashine. Mwanga ukawa bado unapita katikati. Kila siku aliniomba niilaze rula yangu juu ya meza, na kila siku rula ilisema meza ni sawa.

Mwishowe akasema kwamba vitu vyote amevijaribu isipokuwa kimoja, na akaomba penseli. Nilijua anataka kufanya nini. Nikawaka, Baba. Nilisema mbele ya watu wote kwamba rula hiyo ndiyo iliyojenga mabenchi, madirisha na madhabahu ya kanisa la Migwani, kwamba mwenyewe anaitwa Kavoi na hakuna aliyewahi kuipima kazi yake mara mbili, na kwamba sitakaa nitazame mtu akimkosea baba yangu heshima kwa penseli. Mzee Shivachi ni mtu anayependa sana vijana wanaowaheshimu wazazi wao. Akamwambia Wepukhulu aache visingizio, akamwondoa kwenye mashine na kumpeleka kupaka vanishi. Mashine akanipa mimi. Wepukhulu alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye msumari, akaenda kwenye makopo ya vanishi. Wiki tatu nilimpita pale kila asubuhi na kumsalimu kama kawaida, naye aliitika.

Kanisa lilifunguliwa Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa. Mimi na Ndinda tulialikwa, tukaketi nyuma. Kila benchi lilikuwa na mbao mbili zilizounganishwa pale pa kukalia, na kwa sababu nilikuwa nimeziunganisha kwa nguvu, gundi ikawa imeanza kuachia katikati. Watu waliposimama kuimba, ufa ulifunguka. Walipoketi, ukafumba. Wimbo wa tatu ulipokwisha, Mama Kavetsa, kiongozi wa kwaya, ambaye si mtu mdogo, aliketi kwa uzito wake wote, na ufa ukamshika. Alitoa neno moja la Kimaragoli ambalo halimo kwenye kitabu cha nyimbo. Kisha benchi la mbele yake likamshika mwingine, na mwingine, na mhubiri akadhani ni Roho Mtakatifu. Ningekuwa mtu mwingine ningecheka mpaka leo. Ndinda alinitazama, na nikajifanya natafuta ukurasa.

Jumatatu wazee wa kanisa wakayarudisha mabenchi kwa mkokoteni, yote ishirini. Mzee Shivachi hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akaniomba rula. Akachukua penseli mwenyewe, akachora mstari juu ya kipande cha mbao nyeupe, akaigeuza rula, akachora tena. Ile mistari iliachana katikati mpaka unene wa sarafu ungepita. Wepukhulu alikuwa amesimama pale mlangoni na brashi ya vanishi mkononi. Mzee Shivachi akaniuliza rula hii ilipinda lini.

Baba, rula kupinda ni chuma tu, na uongo wangu kwa Wepukhulu ulikuwa mbaya, lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya hayo. Nilijibu kwamba ilitoka nyumbani hivyohivyo. Nilisema hivi ndivyo baba yangu alivyonipa. Na kwa vile walinyamaza wote, na Wepukhulu ananitazama, nikaendelea. Nikasema wewe hukuwahi kunyoosha kitu maishani mwako. Nikasema mabenchi ya kanisa la Migwani yameinama, akina mama wazee huteleza mpaka mwisho wa benchi kabla ya mahubiri kwisha. Nikasema mlango wa nyumba yetu haujawahi kufunga, tunaufunga kwa kamba. Mtu mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata, hata Mzee Shivachi akashindwa kujizuia. Na mimi nikacheka nao, kwa sauti, nikafurahi kwamba macho yao yametoka kwangu. Mlango wa nyumba yetu unafungwa kwa kidole kimoja.

Wepukhulu peke yake hakucheka. Alirudishiwa mashine yake siku ileile. Akavuta uzi wa kushonea viatu kutoka mwanzo wa meza ya kwanza hadi mwisho wa meza ya pili, akazipanga upya kwa kuufuata uzi, na kabla ya jioni mashine ilikuwa imepona. Sisi wengine tukaanza mabenchi upya.

Kesho yake fundi mmoja aliinua mbao iliyopinda akasema hii ni ya Mzee Kavoi. Baada ya siku tatu hawakusema tena Mzee. Wakasema tu, hii ni kavoi. Mguu wa meza ukitoka mshazari ni kavoi. Msumari ukilala ni kavoi. Mlevi akipita barabarani akiyumba, wanasema huyo ameshakuwa kavoi. Unajua Nairobi ilivyo, neno likiwafurahisha watu halikai mahali pamoja. Mwezi wa kumi nilikwenda Makina, huku Kibera, kununua kipande cha mbao cha kurekebisha kitanda chetu. Nikashika kimoja, na muuzaji ambaye sijawahi kumwona wala yeye hanijui akaniambia, "Hiyo wacha bwana, hiyo ni kavoi. Ngoja nikupatie ingine." Nikairudisha mbao ile. Nikasema asante, nikachukua nyingine.

Muia alilisikia neno hilo kwa sababu wanajenga nyumba karibu na karakana yetu, naye huja kuomba vumbi la mbao. Alishika ukuta kwa kucheka. Hana ubaya, unamjua, lakini mdomo wake hauna mlango. Aliniambia hiyo ni hadithi ya kwenda nayo nyumbani.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nikiichana karatasi. Mtoto wetu alizaliwa tarehe ishirini na saba mwezi wa kumi, kama nilivyokuandikia. Siku ya tatu shangazi yake Ndinda, Mama Syombua, alikuja na akina mama wenzake kumpa jina. Jina lilikuwa linajulikana tangu Ndinda awe mjamzito. Ni mtoto wa kwanza, ni mvulana, na baba yake ana baba wa kurithiwa jina. Kulikuwa na nini cha kuuliza? Lakini asubuhi ile kwenye mfereji nilikuwa nimewasikia vijana wawili wakisema juu ya ndoo yao iliyobonyea kwamba imeingia kavoi. Nikamwona mwanangu akiitwa darasani, na darasa zima likicheka. Nikasimama mlangoni nikawaambia akina mama wangoje. Nikasema tutampa jina siku ya ubatizo, kwamba siku hizi watu wanafanya hivyo. Mama Syombua akasema tangu azaliwe hajawahi kuona mtu anayemfungia mlango baba yake mzazi. Wakaondoka bila kunywa chai.

Kwa hiyo wiki tano mtoto wetu aliitwa mtoto, basi. Na mimi, kwa mkono huuhuu, nilikuandikia kwamba Kavoi mdogo amefika salama. Nikakuandikia kwamba Kavoi mdogo ananyonya vizuri. Mwisho wa kila barua niliandika kwamba Kavoi mdogo anakusalimu. Hakukuwa na mtu wa jina hilo, Baba. Nilikuwa nakutumia salamu za mtu niliyekataa awepo.

Halafu katikati ya mwezi uliopita Mukai, yule anayeleta vikapu vya vyondo kutoka huko, akaja na kifurushi chako. Ndinda akakifungua. Akatoa ile randa ndogo ya mti, inayoenea kwenye kiganja, na kisu chake kidogo kilichonolewa, na ule ujumbe uliomwambia Nzembi aandike, kwamba ni ya wajina wako, aanze nayo kabla hawajamzoesha mashine. Ndinda akaigeuza kiganjani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba zawadi hiyo ni ya mtu ambaye hayumo chumbani humu.

Niliibeba kwenda nayo kazini. Sijui kwa nini. Labda nilitumaini kitu kibaya, nakuambia ukweli, labda nilitaka nione kwamba siku hizi kweli hunyooshi, ili uongo wangu uwe na nusu ya ukweli. Watu walipokwenda kunywa chai niliilaza juu ya meza ya mashine, ile ambayo Wepukhulu aliipanga kwa uzi, nikainama nikatafuta mwanga chini yake. Nikaigeuza mbele nyuma, nikaisogeza huku na huku. Hakuna mwanga uliopita popote. Umeichonga bila mashine, kwa macho ambayo hayawezi tena kusoma barua yangu. Niliketi chini kwenye vumbi la mbao nikalia, na sikujali ni nani angeniona.

Ijumaa iliyopita, saa nne, wakati wa chai, nilisimama nikawaambia wote. Niliwaambia rula ilipinda mikononi mwangu, siku gani, na kwa nini. Niliwaambia mabenchi ya Migwani yamenyooka na mlango wetu unafunga. Mzee Shivachi akaniambia nimwombe Wepukhulu msamaha kwa mdomo, si kwa macho, na akanipeleka kwenye msasa mpaka atakapoamua vingine. Sikubishana. Wepukhulu alinijibu kwamba alijua tangu siku aliyorudi. Chini ya meza ya pili, kwenye kutu, alikuwa ameona alama ndogondogo za inchi, zimejipiga pale kama mhuri. Nikamuuliza mbona hakusema, akakubali kufukuzwa kwenye mashine yake kwa kosa langu. Akasema kule kunoa visu na kukaza boliti kote alikuwa akiningoja mimi, na kwamba nimechelewa sana.

Wenzangu waliahidi kuliacha neno hilo. Kabla ya saa sita mmoja aliinua mguu wa kiti, akasema huu umeingia ka—, akajimeza. Wengine wakajifanya hawakusikia. Pale karakana wanaweza kujimeza kwa ajili yangu. Makina hakuna atakayejimeza, wala kwenye mfereji, na mimi siwezi kuzunguka Nairobi nzima nikimshika kila mtu shati nimweleze. Hilo ndilo nililolifanya jina lako. Nilikuwa nafikiri aibu ni kitu kinachokupata mbele ya watu, lakini mbele ya watu nilikuwa nacheka. Imenipata hapa mezani, nikikuandikia.

Jana Jumamosi nilimwendea Mama Syombua nikamwomba arudi. Alinigombeza kwanza kutoka kwake mpaka kwangu, na si karibu. Akina mama walipokusanyika, alisema jina hatalitaja yeye. Akaniamuru nitoke nje uani, mahali milango yote ya wapangaji inapotazamana, nilitaje mimi kwa sauti. Nikamchukua mtoto, nikatoka. Nikasema mwanangu anaitwa Kavoi. Kijana mmoja fundi wa mawe, anayekaa mlango wa nne, akaangua kicheko, akadhani ni mzaha. Nikangoja amalize. Kisha nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, nikasema Kavoi ni baba yangu, ni seremala, na huyu ni wajina wake. Akina mama wakapiga vigelegele, na mara hii wakanywa chai, wakaimaliza na sukari ya wiki nzima. Ndinda tangu jana anamwita baba mkwe. Kila mtoto akilia anasema baba mkwe anataka kula, na ananiangalia.

Atachekwa, Baba. Sitakudanganya tena. Labda kufikia wakati wa shule neno litakuwa limesahaulika, maana huku maneno hufa kabla ya kuzeeka, na labda halitasahaulika. Akiniuliza kwa nini watu wanacheka wakisikia jina lake, sitamwachia mama yake amjibu. Nitamweleza mimi mwenyewe, nikiwa na ile randa ndogo mkononi.

Rula ninayo. Wepukhulu anasema kuna mhunzi anayeweza kuinyoosha, lakini sijampelekea. Nimeitundika ukutani pamoja na kile kipande cha mbao chenye mistari miwili ya Mzee Shivachi. Uniambie nifanye nini nayo, na uniambie kama Krismasi nije nyumbani na mwanangu, au ningoje. Ukisema ningoje, nitangoja. Muia anaondoka tarehe kumi na tano, nami nimehesabu kwamba barua hii itamtangulia. Akianza kusimulia, mwache amalize, kisha mwambie unaijua.

Msalimie sana Mama, umwambie goti alipake yale mafuta niliyomtumia na asiyagawe kwa majirani. Wasalimie wote wa kanisani, hasa wale akina mama wazee wanaoketi kwenye mabenchi yako. Nzembi, asante kwa kusoma mpaka hapa. Sasa mpe Baba karatasi hii aishike mwenyewe, hata kama haoni herufi.

Ndinda anawasalimu. Kavoi mdogo anakusalimu. Mara hii ni kweli.

Mimi mwanao,

Musau Kavoi